Barua ya wazi kwa Waziri wa Turathi: tangaza vichwa vya garimoshi kabla havijaisha kukatwa

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni na turathi za taifa,
Nairobi.

KUH: ULINZI WA VICHWA VYA GARIMOSHI VYA MVUKE

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima yote inayostahili cheo chako, na ninakuomba radhi kwa kukufanya uisome barua hii pamoja na umma badala ya kuikuta mezani. Njia ya mezani nimeijaribu. Barua zangu za awali zilipokelewa katika ofisi ambayo sitaitaja, zikagongwa muhuri kwa adabu kubwa, na nakala zake ninazihifadhi nyumbani. Muhuri ninao, jibu ndilo sina.

Mimi ni fundi wa boila mstaafu, yaani wa lile tangi la kichwa cha garimoshi linalochemsha maji yawe mvuke. Niliajiriwa katika karakana ya reli hapa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa bado na shirika moja la reli, na nikafanya kazi ya mvuke hadi mvuke wenyewe ulipoondolewa njiani. Nayataja haya ili ujue kwamba anayekuandikia amewahi kuingia ndani ya tanuri la kichwa cha garimoshi akiwa na taa mkononi, na hazungumzii mambo aliyoyaona kwenye kalenda.

Kilichonimaliza subira ni hiki. Mwezi uliopita kijana mmoja anayefanya kibarua karibu na yadi ya stesheni ya zamani huko bara alinipigia simu akaniambia kwamba kichwa kimoja cha mvuke, kilichokaa pale tangu kabla yeye hajazaliwa, kinakatwa. Nilipofika nilikuta vali za shaba zimeshaondolewa, mabamba ya namba hayapo, na mikono inayounganisha magurudumu imekatwa kwa gesi vipande vya urefu wa kutosha lori. Vijana waliokuwa wakikata walisema wana karatasi. Niliomba kuiona hiyo karatasi, nikaelekezwa kwa ofisa mmoja ambaye, bila kuinuka kitini, aliniambia, “Mzee, hicho ni chuma chakavu tu. Nenda ukapumzike.” Mheshimiwa, nimepumzika vya kutosha tangu nistaafu. Pensheni yangu yenyewe imenipumzisha hata nisipotaka.

Sikuja kumshtaki ofisa huyo, kwa sababu kwa mujibu wa sheria huenda alikuwa sahihi kabisa, na hapo ndipo penye uchungu. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inakitambua kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895. Ujenzi wa reli iliyotuletea Nairobi ulianza Mombasa mwaka 1896. Nauli ya kuingia katika ulinzi wa sheria ilitukosa kwa mwaka mmoja! Reli ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, mji huu ukazaliwa kando yake, lakini mbele ya kifungu hicho kichwa kilichovuta behewa la kwanza hapa na sufuria iliyonunuliwa jana ni sawa kwa umri.

Waliotunga sheria hawakuwa wajinga, hata hivyo, kwani waliacha mlango. Waziri, baada ya kushauriana na Makumbusho ya Kitaifa, anaweza kutangaza katika gazeti rasmi la serikali kwamba kitu fulani chenye thamani ya kihistoria au kiutamaduni ni kitu kinacholindwa, hata kama umri wake haujafika. Mamlaka hayo hayako Bungeni, hayako kwa wafadhili wala kwa kamati yoyote ya kwenda kujifunza ng'ambo. Yako kwako. Nimeuliza kila niliyedhani anajua kama kuna tangazo linalovitaja vichwa vyetu vya mvuke kwa namba zake, kimoja kimoja, na mpaka leo hakuna aliyenionyesha. Kama lipo, lichapishwe tena niombe radhi hadharani. Kama halipo, ndilo ninaloliomba.

Niruhusu nikukumbushe tunazungumzia nini, kwa sababu nina wasiwasi kwamba wengi wanaoamua mambo haya wamesimuliwa kuhusu simba tu. Kila mgeni anayefika katika makumbusho ya reli hapa Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, huonyeshwa behewa ambamo mkuu wa polisi wa reli, Charles Ryall, alivutwa na simba pale Kima mwaka 1900. Ni kisa kizuri cha kusimulia, sikatai. Lakini hatua chache kutoka hapo vimesimama vichwa viwili vya mvuke vya aina iliyoitwa daraja la 59, namba 5918 na namba 5930, na nasema bila kusita kwamba hivyo ndivyo mali kubwa zaidi katika uwanja ule.

Vilikuwa 34. Vilitengenezwa na kiwanda cha Beyer, Peacock mjini Manchester katikati ya miaka ya 1950, kila kimoja kikiwa na uzito wa tani 252 na urefu wa zaidi ya mita 31, boila moja katikati ikiwa imebebwa na injini mbili, moja mbele na nyingine nyuma, ili kiweze kupinda kwenye kona zetu kali na bado kivute mzigo wa tani 1,200 kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu. Hakuna kichwa cha mvuke kilichokuwa na nguvu kuliko hivyo kwenye reli ya upana wa mita moja popote duniani. Nayaandika hayo taratibu ili yasomwe taratibu: popote duniani. Kati ya hivyo 34 vimebaki viwili, vyote viwili viko Nairobi, na kiwanda kilichovitengeneza kilifungwa mwaka 1966.

Vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Namba 5918 ni Mount Gelai, mlima ulio karibu na Ziwa Natron, na namba 5930 ni Mount Shengena, kilele cha Milima ya Upare. Yaani vyote viwili tulivyobakiwa navyo vina majina ya milima ya Tanzania. Karibu navyo kuna vichwa vya madaraja mengine, vyenye majina ya makabila: namba 2921 yenye jina la Wamaasai, namba 3020 ya Wanyaturu wa Singida, na namba 3123 ya Bavuma wa visiwa vya Uganda. Mheshimiwa, viongozi wetu husafiri sana kwenda mikutanoni kuzungumzia umoja wa Afrika Mashariki. Umoja huo umesimama uani, umeandikwa kwa herufi za shaba, na unanyeshewa.

Kuhusu kunyeshewa naomba nieleze kidogo, maana ndiyo kazi ninayoijua. Watu hudhani kichwa cha chuma kizito kiasi hicho hakihitaji chochote, na kwamba kikipigwa rangi kabla mgeni mkubwa hajafika basi kimehifadhiwa. Kutu ya nje ndiyo ndogo. Bomba la moshi lisipofunikwa, mvua za masika na za vuli huingia moja kwa moja hadi kwenye sanduku la moshi, zikakutana na masizi ya mafuta mazito yenye salfa, na mchanganyiko huo huwa asidi inayokula bamba la chini usiku na mchana. Maji yaliyosahaulika ndani ya boila hukaa kwenye kuta nyembamba zinazozunguka tanuri na kuzila stei, zile fito zinazozishikilia kuta hizo mbili zisiachane. Unyevunyevu hunaswa chini ya bati la nje, pale ambapo jicho halifiki, na siku ukilibandua bati hilo unakuta chuma kinabanduka kwa vidole kama magamba. Mpaka rangi ianze kutoa malengelenge, ndani mambo yameshaharibika muda mrefu.

Na chini ya bati hilo kuna jambo jingine, ambalo ofisa wa “nenda ukapumzike” hakulijua au hakulijali. Boila nyingi za enzi zile zilivishwa asbesto ili zisipoteze joto. Vijana niliowakuta walikuwa wakirarua blanketi hilo kwa mikono mitupu, bila hata kitambaa puani, na upepo ukilipeperusha hadi kwenye vibanda vya akina mama wanaouza chai kando ya uzio. Mimi mwenyewe kifua changu hakijakaa sawa kwa muda mrefu. Daktari hasemi kwamba ni asbesto. Mimi ndiye nasema, kwa sababu wenzangu kadhaa tuliobandua nao boila hizo walianza kukohoa hivihivi, na baadhi yao nimeshawazika. Kutibiwa ni kwa pesa yangu, kupanda matatu kwenda kutetea mali ya serikali ni kwa pesa yangu, na sasa hata kuchapisha barua hii nimemkopa mwanangu. Sitaki nirudishiwe chochote. Nataka tu ijulikane nani amekuwa akigharimia turathi za taifa.

Sijaomba vichwa hivyo virudishwe njiani, na naomba jambo hili lisigeuzwe ili nijibiwe kwamba bajeti haitoshi. Kukirudisha kichwa kwenye kazi ni shughuli nyingine kabisa: mabomba yote ya ndani ya boila yatolewe na kubadilishwa, boila ijazwe maji na kupimwa kwa shinikizo lililo juu ya lile la kazi, na mkaguzi atie saini yake akijua kwamba akikosea watu watakufa. Kichwa cha kuonyeshwa hakihitaji hayo. Kinahitaji paa, kifuniko cha bomba la moshi, maji yote yatolewe kwenye boila na silinda, grisi kwenye vyuma vinavyosugua, asbesto iondolewe au ifungwe na watu wenye mavazi na ujuzi wa kazi hiyo, na fundi mmoja au wawili wa kukipitia mara kwa mara. Michoro ya kiwanda kile cha Manchester imehifadhiwa katika makumbusho ya huko, na barua moja yenye nembo ya serikali ingetosha kuanza kuomba nakala. Yangu haina nembo.

Ahadi tumeshapewa. Kiongozi mmoja alisimama mbele yetu wastaafu wa reli, akiwa amevaa kofia ya dereva aliyoazimwa kwa ajili ya picha, akasema kwamba kila kichwa kilichosalia katika nchi hii kitahesabiwa, kitaandikwa na kulindwa. Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Picha ilitoka vizuri. Kofia haikurudishwa.

Kwa nini basi hakuna kinachofanyika? Nimekaa nikatafuta sababu, na naomba unisahihishe nikikosea. Huenda kuna wanaopata chochote kwenye lori la chuma chakavu, na hilo nalidhani tu, kwa kuwa shaba haitembei yenyewe. Huenda ni ardhi, kwa sababu mradi wa Nairobi Railway City, wa kuliendeleza upya eneo la stesheni, umepangiwa ekari 425 katikati ya jiji, na mimi sina ugomvi na maghorofa, ila ningependa kuona kwa maandishi vichwa hivi vitasimama wapi siku mashine zitakapoanza kuchimba. Au huenda wapo wanaoona kwamba haya ni masalia ya mkoloni na yakioza ni sawa. Hao ningewauliza ni mkoloni gani aliyelala kwenye behewa akisubiri zamu yake ya kuwasha moto usiku kati ya Mombasa na Nairobi. Wahindi zaidi ya 31,000 waliletwa kuijenga njia hii na karibu 2,500 kati yao walifia humu. Waafrika waliokata misitu na kubeba mataruma hakuna aliyejisumbua kuwahesabu vizuri. Na vichwa hivi viliendeshwa, vikatiwa moto na kung'arishwa na Makalasinga, Waluo, Wakamba, Waluhya, Wataita na wengineo, ambao watoto wao ndio wapiga kura wenu leo. Mkoloni alivinunua kwa fedha za reli. Waliovifanya vitembee ni sisi.

Jirani zetu wa Uganda walifungua makumbusho yao ya reli pale Jinja mwaka 2022. Sisi tulianza miaka hamsini kabla yao, na leo mimi ninazungushwa na walinzi wa lango kwa ajili ya kuuliza swali.

Mheshimiwa Waziri, nilikuwa na orodha ndefu ya maombi: mafunzo kwa vijana wa ufundi kabla sisi tuliobaki hatujaisha, sensa ya vichwa vilivyotupwa katika yadi za bara, paa, walinzi, michoro. Nimeifuta yote. Naomba tangazo moja katika gazeti rasmi la serikali, likivitaja vichwa vya mvuke vilivyobaki Kenya kwa namba zake, vile vya makumbusho na vile vilivyoachwa vichakani, kuwa vitu vinavyolindwa kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2006. Ni ukurasa mmoja. Namba zote ninazozijua nitaziandika mimi mwenyewe na kuzileta katika ofisi yoyote utakayoniambia, siku yoyote, na nikikuta lango limefungwa nitasubiri.

Ila tangazo litoke kabla lori halijarudi kwenye ile yadi. Nusu ya nyuma ya kile kichwa, pamoja na boila yake, ilikuwa bado ipo nilipoondoka.

Wako mtiifu,

Fundi wa boila mstaafu,
Nairobi.