Mheshimiwa Diwani, daftari la mtaa lisifunguliwe bila karatasi ya mahakama

Mheshimiwa Diwani, shikamoo. Mimi ni mkazi wako hapa Temeke, mwaka wa kumi na moja sasa. Wiki iliyopita nilienda ofisi ya serikali ya mtaa kuchukua barua ya utambulisho ya benki, nikakaa kwenye benchi nasubiri zamu yangu. Wakaingia wakaka wawili wamevaa kiraia, wakasema wametumwa kutoka juu, mambo ya usalama. Kitambulisho hawakuonyesha, barua hawakuwa nayo, na mtendaji wala hakuuliza, akafungua kabati akawatolea daftari la wakazi, lile kaunta buku lenye jalada jekundu, wakaanza kupiga picha kwa simu ukurasa kwa ukurasa, mmoja anafunua mwingine anapiga. Humo kuna jina langu, namba yangu ya simu, nyumba niliyopanga, ninaishi na nani. Nikakaa kimya mate yamenikauka, na mpaka leo roho inaniuma kwamba sikusema kitu.

Sidharau usalama jamani. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lilipolipuka ubalozi wa Marekani nilikuwa darasa la tano, na watu 11 walikufa hapa hapa mjini kwetu, kwa hiyo sisi wa Dar ugaidi hatuusikii kwenye redio tu. Lakini anayemtafuta mhalifu ana jina la mtu, ataenda mahakamani atapewa kibali, mtaa mzima anaupigia picha wa nini?

Utaniambia usalama wa taifa si kazi ya kata. Hao hao Wamarekani baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 walipitisha sheria inaitwa Patriot Act, serikali kuu ikapata nguvu ya kudai hadi rekodi za vitabu ulivyoazima maktaba, na mkutubi akakatazwa kumwambia mtu. Halmashauri ndogo ndogo ndio zilisimama. Mji wa Ann Arbor, jimbo la Michigan, ulipitisha azimio mapema kabisa, Januari 2002, na mwaka 2003 mji mdogo wa Arcata kule California ukatunga sheria ndogo kwamba kiongozi wa mji atakayetoa ushirikiano wa hiari kwenye mambo yanayovunja katiba anapigwa faini ya dola 57. Hela ndogo, ila mtumishi akapata pa kusimamia akiambiwa fungua kabati. Baadaye miji na kaunti zilizopitisha maazimio zikapita 400. Sheria ile hawakuweza kuifuta, hawakuwa na mamlaka hayo, walichofanya ni kukataa mikono yao isitumike.

Na nyie mnayo nguvu hiyo. Katiba yetu ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu, ya 146 inazipa serikali za mitaa kazi ya kuhakikisha utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi, halafu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mtendaji wetu si mtu mbaya, aliogopa tu, na angekuwa na waraka wa halmashauri ukutani angewaonyesha huo kwa kidole, asingebeba mzigo ule peke yake.

Naomba kikao kijacho cha baraza la madiwani upeleke hoja: daftari halifunguliwi bila amri ya mahakama, na kila anayekuja kulitaka anaandikwa jina, kitengo, tarehe na alichochukua. Na kurasa zile zilizopigwa picha wiki iliyopita, naomba utuulizie ziko kwa nani.