Anayeamua mshahara atume na fedha za kuulipa

Mhariri,

Kila mwaka hapa Kenya Bunge la Kitaifa na Seneti wanapovutana kuhusu mgao wa kaunti kutoka mapato ya taifa, kurasa za magazeti hujaa tarakimu na makataa ya magavana, kisha mvutano huishia katika kamati ya upatanisho, ambayo hutafuta kiwango kilicho baina ya misimamo miwili. Mwaka 2025 Bunge la Kitaifa lilishikilia shilingi bilioni 405, Seneti ikataka bilioni 465, na wapatanishi wakatua kwenye bilioni 415. Mimi ni mwalimu mstaafu niliyefundisha madarasa ya chini katika shule ya umma, na naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo tarakimu hizo hulifunika, nalo ni kwamba mishahara mingi inayolipwa na kaunti huamuliwa na watu wasiowajibika kuilipa.

Nianze na hesabu yenyewe, kwa sababu serikali kuu huitumia kujitetea. Kifungu cha 203 cha Katiba kinasema kaunti zipewe angalau asilimia 15 ya mapato yaliyokusanywa na serikali ya kitaifa, na kwamba asilimia hiyo ikokotolewe kutokana na hesabu za karibuni zaidi zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Mgao wa mwaka wa fedha wa 2025/26 ulipokuwa ukijadiliwa, hesabu zilizokuwa zimeidhinishwa zilikuwa za mwaka wa 2020/21, ambapo mapato yalikuwa takriban shilingi trilioni 1.57. Ukigawa bilioni 415 kwa kiasi hicho unapata zaidi ya asilimia 26, na mwananchi anayesikia hivyo hudhani kaunti zinapewa zaidi ya robo ya kodi anayolipa. Lakini katika mwaka wa 2024/25 Mamlaka ya Ushuru nchini, KRA, ilikusanya zaidi ya trilioni 2.5, na kwa kipimo hicho mgao huohuo ni kama asilimia 16 tu. Bunge ndilo lenye jukumu la kuidhinisha hesabu hizo, na kila mwaka linapochelewa, kaunti hupimiwa kwa mapato ya zamani huku zikilipa mishahara na kununua dawa kwa bei za leo.

Isitoshe, hata kiasi kilichokwisha kupitishwa hakina uhakika. Sheria ya mgao ya 2024 ilikuwa imeshazitengea kaunti bilioni 400.1. Baada ya Mswada wa Fedha kuondolewa kufuatia maandamano ya vijana ya Juni mwaka huo, serikali ya kitaifa ilitaka kiasi hicho kipunguzwe, na mabunge mawili yakavutana hadi karibu nusu ya mwaka wa fedha ikapita, ndipo wakaafikiana kwa bilioni 387.4. Sisemi kaunti zisiguswe nchi inapobana matumizi. Ninachosema ni kwamba mishahara ya watumishi wa kaunti haikupungua katika miezi hiyo, na hakuna aliyetaka ipungue, kwa hiyo pengo lile lilijazwa kwa kuchelewesha malipo ya wauguzi, walimu wa chekechea na wafanyabiashara wadogo waliokwisha kuziuzia kaunti bidhaa. Kifungu cha 219 kinaagiza mgao wa kaunti upelekwe bila kukawizwa isivyofaa na bila kukatwa. Magavana wanapotishia kufunga ofisi kwa sababu fedha za miezi miwili au mitatu hazijafika, huwa wanadai kile ambacho Katiba imekwisha kuwapa.

Sekta ya afya ndiyo inayoonyesha kasoro hii waziwazi. Huduma nyingi za afya ziligatuliwa mwaka 2013, na wafanyakazi wake wakawa wa kaunti. Hata hivyo, mkataba wa pamoja wa madaktari uliotiwa saini mwaka 2017, baada ya mgomo uliodumu siku 100, ulijadiliwa kwa shinikizo la kitaifa na mzigo wake ukatua kaunti. Mwaka huohuo wauguzi waligoma kwa karibu miezi mitano, Juni hadi Novemba, huku serikali hizi mbili zikibishana ni nani aliyekubali nini. Miaka 7 baadaye, kuanzia Machi 14 hadi Mei 8, 2024, madaktari waligoma tena, na kiini kikubwa cha mgomo huo kilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi, ambao mkataba wa 2017 uliwapa shilingi 206,400 kwa mwezi na serikali ikataka kuwalipa 70,000. Wanagenzi hao hulipwa na Wizara ya Afya lakini wengi wao huhudumu katika hospitali za kaunti. Gavana hakuwa na uwezo wa kumaliza mgomo uliofunga wodi zake, na waziri aliyekuwa na uwezo huo hakuwa na wodi ya kufungwa.

Kisha likaja suala la wahudumu wa afya walioajiriwa na serikali ya kitaifa kwa mikataba mwaka 2020, chini ya mpango wa afya kwa wote. Wahudumu hao, ambao ni zaidi ya 7,000, walifanya kazi katika kaunti kwa miaka mingi kwa malipo ya chini kuliko wenzao wenye sifa zilezile, na mwaka 2025 wengine wao walipiga kambi nje ya makao makuu ya wizara, Afya House jijini Nairobi, wakidai ajira ya kudumu. Serikali ya kitaifa ilitaka kuwakabidhi kwa kaunti. Magavana walisema watawapokea wakija pamoja na fedha za mishahara yao. Wapo waliowalaumu kwa ugumu wa moyo, lakini mimi naona walisema jambo la haki, na natamani wangelisema mapema zaidi na kwa sauti hiyohiyo juu ya kila ongezeko la mshahara lililoamuliwa Nairobi. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inamtaka kila mwajiri achangie asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi, na michango ya hazina ya uzeeni, NSSF, imekuwa ikipanda tangu 2023. Kaunti nazo ni waajiri, na gharama hizo huingia kwenye vitabu vyao. Wakati huohuo kanuni za usimamizi wa fedha za umma za 2015 zinazitaka zisitumie zaidi ya asilimia 35 ya mapato kwa mishahara, ilhali nyingi zimeshapita kiwango hicho.

Hata hivyo, sitakuwa mkweli nikiziacha kaunti zitoke katika barua hii bila doa. Kwa miaka kadhaa sasa ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na za Msimamizi wa Bajeti zimekuwa zikitaja kaunti zinazolipa sehemu ya mishahara nje ya mfumo rasmi wa kielektroniki, kwa orodha zinazoandaliwa kwa mkono, na orodha za namna hiyo ndizo mahali pa kwanza ambapo watumishi hewa hupata hifadhi. Gavana anayekwenda Seneti kudai nyongeza huku hawezi kuonyesha majina ya wote anaowalipa anawapa wapinzani wake hoja wasiyoistahili, na anayeumia ni muuguzi anayefanya kazi kwa kweli.

Niruhusu sasa nirejee kwenye shule, kwa kuwa huko ndiko nilikotumia maisha yangu ya kazi. Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, na linaiachia serikali ya kitaifa shule za msingi na za sekondari. Katika shule nyingi za umma madarasa ya chekechea yamo ndani ya ua uleule wa shule ya msingi. Mtoto anapomaliza mwaka wa pili wa chekechea huvuka uwanja mmoja tu kwenda gredi ya kwanza, lakini mwalimu anayemwacha na mwalimu anayempokea wanaishi katika nchi mbili tofauti. Wa gredi ya kwanza ameajiriwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, ana ngazi za kupanda cheo na ana chama kinachomsemea. Wa chekechea husajiliwa na tume hiyohiyo lakini hailipi mshahara wake. Mshahara wake unategemea ni kaunti ipi iliyomwajiri, na katika kaunti kadhaa wapo walioanza kwa mkataba wa takriban shilingi 10,000 kwa mwezi, wakati mwingine bila bima. TSC na vyama vya walimu walipotia saini mkataba wa 2025 hadi 2029, wenye thamani ya shilingi bilioni 33.8, mwalimu wa chekechea hakuwa na kiti mezani, kwa sababu mwajiri wake hakuwa pale. Nimewaona walimu hawa wakifundisha watoto wengi kuliko niliokuwa nao mimi, na watoto hao wakanijia gredi ya kwanza wakijua kushika kalamu na kuomba ruhusa. Inaniuma kwamba katika mvutano wote wa mgao sijawahi kusikia gavana akisimama na kusema, kiasi hiki ninachodai ni cha mishahara yao.

Badala yake, jambo la elimu lililowafikisha magavana mahakamani mwanzoni mwa 2025 lilikuwa basari. Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, alizitumia kaunti waraka akisema kwamba karo ya sekondari na vyuo vikuu ni jukumu la serikali ya kitaifa, na kwamba kaunti haziwezi kuigharamia bila makubaliano rasmi kati ya serikali hizo mbili. Baraza la Magavana likaenda Mahakama Kuu na waraka ule ukasimamishwa kwa muda. Naelewa kwa nini walifanya hivyo, kwani najua wazazi ambao bila basari ya kaunti watoto wao wangekuwa nyumbani. Lakini nadhani walipigania upande usiofaa wa jambo lenyewe. Mwanafunzi wa sekondari ya kutwa aliahidiwa na serikali ya kitaifa mgao wa shilingi 22,244 kwa mwaka ili asome bila karo. Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliiambia kamati ya Bunge kwamba serikali haina uwezo wa kuulipa mgao huo kikamilifu. Shule hupokea pungufu, na hupokea kwa kuchelewa, kisha mwalimu mkuu hubuni ada ya hili na ada ya lile ili jiko liwake na mlinzi alipwe, na mzazi huanza safari ya kwenda ofisi ya mbunge, ya mwakilishi wadi na ya gavana kuomba basari ya kulipia elimu ambayo kisheria ni ya bure.

Kila shilingi ya kaunti inayokwenda kuziba pengo hilo inaisaidia serikali ya kitaifa kulificha, na huchotwa katika mfuko uleule ambao ungelipa mwalimu wa chekechea. Kama magavana wanataka kupambana kwa ajili ya watoto wa shule, na ningefurahi sana wakipambana, basi waende mahakamani kudai mgao wa wanafunzi ulipwe wote na kwa wakati, wakisimama pamoja na wazazi na walimu wakuu. Najua basari humpa kiongozi jukwaa na picha ya kukabidhi hundi, na kesi ya mgao wa wanafunzi haina picha ya namna hiyo. Sioni kama hiyo ni sababu ya kutosha.

Kushirikiana kunawezekana pale inapotakiwa. Mpango wa chakula shuleni wa Kaunti ya Nairobi, ulioanzishwa 2023, unawalisha watoto wa chekechea na wa shule za msingi za umma, na mzazi huchangia shilingi 5 tu kwa mlo. Shule za msingi si za kaunti, na mwanzoni wengi walihoji uhalali wa mpango huo, lakini serikali hizo mbili zilikubaliana na watoto wakala. Kifungu cha 187 kinaruhusu kazi kuhamishwa kutoka serikali moja hadi nyingine kwa makubaliano, mradi fedha zihame pamoja na kazi. Sharti hilo la fedha kuandamana na kazi ndilo ninaloomba litumike kwenye mishahara.

Kipo chombo cha kulishughulikia. Baraza la Bajeti na Uchumi baina ya serikali, linaloongozwa na Naibu Rais, huwakutanisha mwenyekiti wa Baraza la Magavana na mawaziri wa fedha wa kaunti zote na Waziri wa Fedha wa taifa kabla ya mswada wa mgao kuandikwa. Nawaomba magavana wapeleke katika kikao chake kijacho jedwali moja kwa kila kaunti, likionyesha idadi ya watumishi waliomo katika mfumo rasmi wa malipo, kiasi kilichoongezeka kutokana na maamuzi ya serikali ya kitaifa, na gharama ya kuwaweka walimu wote wa chekechea kwenye ngazi za mishahara zinazofanana kote nchini kwa ushauri wa Tume ya Mishahara na Marupurupu. Jedwali hilo lichapishwe ili sisi tulio katika wadi tuweze kulisoma na kulipinga inapobidi. Waziri wa Fedha naye ajibu kila safu kwa maandishi, akisema atalipa kiasi gani na lini. Na Bunge la Kitaifa liidhinishe hesabu zozote zilizokaguliwa za miaka iliyofuata 2020/21 ambazo bado zinasubiri, kabla ya mswada ujao wa mgao kusomwa kwa mara ya kwanza.

Mwalimu mstaafu,
Kaunti ya Kilifi