Kabla ya kusifu chapa, fungueni mgongo wa redio

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako tangu nilipopangiwa shule yangu ya kwanza, na kwa miaka yote hiyo sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Si kwamba sikupata la kulalamikia. Niliamini tu kuwa anayeandika barua kwa mhariri ni mtu asiye na shamba la kupalilia. Taarifa yenu ya Jumamosi iliyopita kuhusu redio za dharura, ile yenye picha ya familia inayotabasamu gizani, ndiyo iliyonifanya niweke jembe chini.

Mwandishi wenu anatushauri sisi wakazi wa pwani tujiandae kwa masika kwa kununua redio ya masafa mafupi yenye mpini wa kukoroga ili ipate umeme na paneli ndogo ya sola. Hapo sina ugomvi naye. Ugomvi unaanza anapotuambia tuchague chapa halisi ya Kijerumani, Kiingereza au Kimarekani na tukae mbali na vitu vya Kichina. Ningependa kumuuliza, kwa heshima zote, ni kiwanda gani cha Ulaya alichokitembelea akaiona redio hiyo ikifungwa skrubu.

Tuanze na Mjerumani. Grundig iliyoanzishwa na Max Grundig mjini Fürth baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilifilisika mwaka 2003, na leo jina hilo ni mali ya Arçelik, kampuni ya Kituruki inayojulikana zaidi kwa majokofu na mashine za kufulia. Huko Marekani jina hilohilo lilikuwa likibandikwa kwenye redio za masafa mafupi na kampuni ya Eton ya California, ambayo haikuwa na kiwanda cha Kijerumani hata kimoja. Grundig G8 iliyouzwa huko ni Tecsun PL-300WT iliyobadilishiwa jina, na Tecsun makao yake ni Dongguan, katika jimbo la Guangdong, China. Mwingereza naye ni Roberts, iliyoanza mwaka 1932 na ambayo iliwahi kupewa hati ya kuihudumia familia ya kifalme. Tangu mwaka 1994 inamilikiwa na kampuni ya Ireland, na redio zake za masafa mafupi ni pacha wa zile za Sangean ya Taiwan, ambayo kiwanda chake nacho kiko Dongguan. Kwa hiyo Mjerumani na Mwingereza wa mwandishi wenu ni majirani wa mji mmoja, na wala si mji wa Ulaya. Kwa haki niseme kwamba wapo waliobaki nyumbani kwao kwa muda mrefu: Sony ICF-SW7600GR ilitengenezwa Japani hadi ilipoachwa kuuzwa. Lakini hiyo haikutajwa kwenye taarifa yenu, na dukani haipo tena.

Sasa nikueleze kwa nini jambo hili limenikera mimi binafsi. Mwaka 2023 nilikwenda Kariakoo kununua redio ya dharura, na muuzaji akaniwekea mbili mezani. Moja ilikuwa shilingi 35,000 na jina lake lilikuwa limeandikwa kwa herufi zilizokosewa kidogo, kama daftari la mtoto wa darasa la pili. Nyingine ilikuwa shilingi 165,000, ndani ya boksi lenye picha ya mlima wenye theluji. "Mzee wangu," akaniambia, "hii ni Mzungu mtupu, hiyo nyingine ni Mchina." Nikalipa Mzungu. Sitalitaja jina lililokuwa usoni mwake, ila si miongoni mwa niliyoyataja hapo juu. Mei mwaka uliofuata kikaja kimbunga Hidaya. Gridi ya Taifa ikapata hitilafu tarehe 4, barabara ikakatika Somanga, na sisi huku Kilwa tukabaki na upepo, mvua na simu zisizo na chaji. Nikaitoa redio yangu, nikaikoroga usiku wa kwanza, ikaimba. Usiku wa pili ikaimba tena, na majirani wakakusanyika barazani kusikiliza habari, nami sikuficha kwamba ni ya Ulaya. Usiku wa tatu, nikiwa katikati ya kukoroga mbele ya watu wote hao, mpini ukatoa mlio kama wa mtu anayetafuna mchanga, kisha ukaanza kuzunguka bure bila uzito wowote. Taarifa ya hali ya hewa ilikatikia kwenye jina la wilaya yetu, na mke wangu akauliza, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, kama huko Ulaya kuna dhamana.

Maji yalipopungua nilimpelekea fundi wetu wa hapa Masoko, kijana niliyemfundisha hisabati. Alinisabahi vizuri, akafungua skrubu nne kwa bisibisi ya nyota, akainua mgongo wa redio na kucheka, kisha akaomba radhi kwa kucheka. Gia ndogo nyeupe ya nailoni, yenye kipenyo kama kitufe cha shati, ilikuwa imelika meno upande mmoja. "Mwalimu, hii ninayo," akasema, akachomoa chini ya meza kopo la maziwa ya unga lililojaa mizoga ya redio, na miongoni mwake ilikuwamo dada yake ileile ya shilingi 35,000 niliyoikataa Kariakoo. Akaziweka bodi mbili sambamba mbele yangu. Mashimo ya skrubu yalikuwa palepale, waya mwekundu ulichomewa risasi palepale, na namba iliyochapwa pembeni mwa bodi ilikuwa moja, hadi tarakimu ya mwisho. Akang'oa gia ya ile iliyokosewa jina, akaipachika kwenye Mzungu wangu, nayo ikaingia kama ufunguo kwenye kufuli lake. Alinitoza shilingi 3,000. Hesabu aliifanya mwenyewe kwa sauti, nadhani kunionyesha kwamba hajasahau kutoa: nililipa shilingi 130,000 kwa ajili ya picha ya mlima.

Mwandishi wenu angemuuliza fundi yeyote kabla ya kuandika, angeambiwa kwamba redio nyingi ndogo za siku hizi, zenye majina tofauti, zinategemea aina moja ya chipu, kama Si4734 yenye upana wa milimita 3 kwa 3, iliyobuniwa na kampuni ya Silicon Labs ya Austin, Texas. Baadhi ya redio za Tecsun zinazoitwa vitu vya Kichina zinaitumia. Kwa maneno mengine, kipande chenye asili ya Kimarekani kimo ndani ya redio anayotukataza, na redio ya Kimarekani anayoisifu imefungwa China. Wala sisemi China ni kasoro. Tecsun kwa jina lake mwenyewe ni miongoni mwa redio bora za masafa mafupi zinazopatikana leo. Kasoro ni kulipa karibu mara tano kwa ajili ya stika.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba taarifa yenu imeandikwa kana kwamba redio ni kitu ambacho lazima kitoke mbali. Nilipokuwa mtoto, Philips ilikuwa na kiwanda cha redio Arusha, na Matsushita ilitoa redio na betri kavu za National hapahapa Dar es Salaam. Hata redio ya kukoroga yenyewe ina ukoo wa Afrika: Trevor Baylis, Mwingereza, aliibuni mwaka 1991 akiwafikiria watu wa bara hili wasio na umeme, na zile za mwanzo za chapa ya Freeplay ziliundwa Cape Town, katika kiwanda kilichoajiri watu wenye ulemavu, kabla kazi haijahamia China. Hayo hayakupata nafasi, lakini picha ya familia gizani imepewa robo ya ukurasa.

Na tukiwa hapohapo, ni nani anayewaambia wanunuzi kuna nini humo kwenye masafa mafupi wanayouziwa? Maboksi yanajisifu kwa mikanda ya masafa tisa, kumi, kumi na miwili. Kituo cha kurushia matangazo cha Deutsche Welle cha Kigali kilifungwa Machi 2015. Miaka mingi tuliipata redio ya Zanzibar kwenye kilohezi 11735 kwa kunyoosha tu eriali. Siku hizi ninazungusha kitufe hicho nikisikia mvumo na mahubiri ya lugha nisiyoijua. Muuzaji anayeuza mikanda kumi na miwili bila kutaja stesheni hata moja hana tofauti na anayeuza ufunguo wa nyumba iliyobomolewa. Betri zinazowekwa humo sitazizungumzia leo, kwa sababu zangu zilivuja ndani ya miezi minne na daktari amenikataza hasira.

Napendekeza hivi. Kila redio inayouzwa nchini iandikwe mgongoni mistari miwili, kwa herufi zisizopungua ukubwa wa punje ya mchele wa Kyela: wa kwanza useme jina ni la nani, wa pili useme ilifungwa mji gani. Na kabla ya gazeti lako kusifu redio nyingine yoyote, mwandishi aifungue mgongo, aipige picha ilivyo ndani, na picha hiyo ichapishwe badala ya ile ya familia. Kama ofisi yenu haina bisibisi ya nyota namba moja, nitawatumia yangu kwa basi la asubuhi, ila niirudishiwe kabla ya masika, kwa kuwa gia niliyonayo sasa ni ya mtumba.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Kilwa Masoko