Malalamiko kuhusu lile tangazo lenye mwanga wa kuwakawaka mliloliweka kwenye app yenu

Habari zenu wahusika,

Hii ni mara ya tatu nawaandikia. Mara mbili za kwanza niliandika kifupi na kwa adabu zote nikajibiwa na mashine kwamba maoni yangu yamepokelewa, sasa leo naandika kirefu na mtanisamehe nikikosea namna ya kuongea, maana nina hasira na pia ulimi bado una kidonda, niliuuma siku ile.

Mimi nina kifafa. Nilianza kuanguka nikiwa na miaka 14, na changu ni kile kinachochokozwa na mwanga unaowaka na kuzima harakaharaka. Sio kila mwenye kifafa yuko hivi, kwenye watu 100 wenye kifafa ni kama watatu tu, na najua huko kwenu kuna mtu wa mahesabu ataona watatu si kitu, ila duniani wenye kifafa wako karibu milioni 50, apige mwenyewe hiyo hesabu alafu arudi tuongee. Hospitali walinigundua kwa kile kipimo cha kubandikwa nyaya kichwani, wanakuwashia taa mbele ya macho inapiga taratibu, inaongeza kasi, inaongeza tena, huku mtaalamu anaangalia mistari ya ubongo kwenye kompyuta, na yangu ikachafuka taa ikiwa haijafika mbali. Toka siku hiyo adui yangu namjua. Mwanga unaopiga kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde ndio wenye hatari kwa watu kama mimi, na ukiwa mwekundu ndio mbaya kabisa.

Kwa hiyo naishi kwa mahesabu. Vidonge asubuhi na usiku bila kuruka, usingizi wa kutosha, ukumbini nikiona wanafunga taa za disko natafuta mlango, simu siangalii gizani. Na kwenye simu nimewasha ile setingi ya kupunguza mwendo, ipo kwenye simu karibu zote za siku hizi, kazi yake ni kuziambia app zote kwamba mwenye simu hii hataki vitu vya kurukaruka. App nyingine zinatii. Yenu haitii.

Nilikaa miaka minne bila kuanguka hata mara moja. Miaka minne! Alafu Jumanne ya wiki mbili zilizopita app yenu ikajiapdeti yenyewe usiku, asubuhi naifungua nifanye kitu cha sekunde 10 tu, skrini nzima ikawa nyekundu, nyeupe, nyekundu, nyeupe, na neno OFA katikati. Nikatafuta ile X ya kufungia. Haipo. Mmeiweka ije baada ya sekunde tano, tena ndogo, tena kule juu pembeni, kwa hiyo mtu anayetaka kulikimbia tangazo inabidi alikodolee macho kwanza. Na chini kabisa, kwa maandishi ya kijivu madogo kama ya dawa ya mbu, mkaandika kwamba tangazo hili lina mwanga mkali unaoweza kuwaathiri baadhi ya watazamaji. Nimeyasoma baadae sana kwenye picha, siku ile sikuyaona, nani angeyaona? Onyo mmeliweka ndani ya kitu chenyewe mnachonionya nisikiangalie, sijui mlikaa kikao gani mkakubaliana hivyo.

Ninachokumbuka ni kidole gumba kuanza kurukaruka chenyewe juu ya kioo cha simu. Basi. Kinachofuata niko sakafuni, mdomo una ladha ya damu, suruali imelowa, na mdogo wangu amepiga magoti pembeni ananiita jina kama mtu anayeita mtoto kisimani. Yeye kashazoea, alinilaza ubavu, akanikunjia nguo chini ya kichwa, akaangalia saa, dakika mbili na nusu. Hakunishika kwa nguvu wala hakunitia kijiko mdomoni (bado wapo watu wa vijiko, jamani acheni, mnavunja watu meno), na ingefika dakika tano bado natikisika angeita gari la wagonjwa, ndio tulivyokubaliana nyumbani. Kazini sikwenda siku mbili, kichwa kizito, maneno yananipotea. Daktari kaongeza dozi. Gari siendeshi tena mpaka aseme, na hilo la gari ndilo linaniuma kuliko ulimi.

Sasa tuje kwenye jibu la huduma kwa wateja, maana mara ya pili baada ya ile mashine alikuja dada mmoja kwenye chati, simlaumu sana, najua anasoma karatasi aliyopewa. Akaniambia pole mpendwa mteja, punguza mwanga wa simu, na tangazo likianza fumba macho mpaka lipite.

Dada yangu, kufumba macho hakutusaidii. Kope ni ngozi nyembamba na ina damu, mwanga mkali unapita na unamfikia mtu ukiwa mwekundu, rangi ileile tunayoikimbia, na wengine ule ufumbaji wenyewe wa ghafla ndio unawaangusha. Tunachofundishwa ni kuziba jicho moja kwa kiganja, lote, na kugeuza uso, hapo ubongo unapokea kidogo. Haya, mkono mmoja umeshika simu, mwingine umeziba jicho, X iko kule juu ambako kidole gumba hakifiki. Niibonyeze na pua?

Na msiniambie ni jambo jipya hamkulijua. Mwaka 1997 huko Japani katuni moja ya televisheni ilionyesha taa nyekundu na bluu zinapishana kwa kasi, watoto zaidi ya 600 wakapelekwa hospitali jioni ileile. Mwaka 2007 video ya kutangaza nembo ya Olimpiki ya London 2012 ilitolewa kwenye tovuti yao baada ya watu kulalamika kwamba imewaangusha. Na ule mwongozo wa kimataifa wa watengeneza tovuti, WCAG, toleo la 2.0 lilitoka 2008, umeandika wazi kwamba kitu kisiwakewake zaidi ya mara 3 ndani ya sekunde moja. Mara tatu! Mafundi wenu wanaujua huu, na kama hawaujui basi hilo ni lalamiko lingine kabisa.

Lenu ni mara ngapi? Mdogo wangu alirekodi skrini, akaicheza polepole akahesabu na kalamu mkononi, mimi nimekaa chumba kingine namsikia anahesabu kwa sauti, akaishia 11. Akarudia, 11. Video nimeiambatanisha hapa, na jina la faili tumeliandika ONYO INA FLASHI USIFUNGUE KAMA UNA KIFAFA. Mnaona? Dakika moja imetutosha, na onyo linasomeka kabla mtu hajafungua.

Ninachotaka. Lile tangazo litoke, sio lipunguzwe mwanga, litoke, au mlifanye picha iliyotulia, ofa itauzika tu hata ikiwa imekaa kimya. Setingi ya kupunguza mwendo muitii, simu inawaambia nyie mnaziba masikio. Chochote chenye kuwakawaka kisijicheze chenyewe, kisubiri mtu abonyeze, na onyo lije kwenye skrini nyeupe ya peke yake kwanza. Hela ya fidia sijaomba, mtu mmoja wa kazini alinicheka kwa hilo akaniita mjinga, inawezekana, ila nikianza na hela najua barua itapelekwa kwa wanasheria na tangazo litabaki palepale, na asubuhi fulani mtoto wa mtu atachukua simu ya mama yake acheze, wala hajui kama ana hili tatizo. Wengi tunajua hivyohivyo, siku ya kwanza tunapoanguka.

App nimeifuta. Akaunti bado ninayo na vitu vyangu vimo humo, kwa hiyo nikiondoka jumla napoteza, na kubaki siwezi, naomba mnieleze nifanyeje mpaka mrekebishe.

Nijibiwe na mtu mwenye jina, sio "timu yetu". Na mnipigie, namba mnayo kwenye akaunti, msiniandikie, maana barua pepe zenu nazo siku hizi zina ile nembo inayowakawaka pale juu, mdogo wangu ndio ananifungulia na yeye anarudi jioni.

Mteja wenu wa miaka sita