Kisu kinachomkabili nyati lakini kinashindwa na mkanda wa begi

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: KISU CHA KUKUNJA KILICHOJIKUNJA MKONONI MWANGU, NA JIBU LENU LA KUNINYIMA WARANTI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kazi yangu ni kuongoza matembezi ya miguu kwenye mapori yenye nyati, na kisu cha kukunja hakitoki mfukoni mwangu nikiwa safarini. Nilinunua chenu, kile kikubwa mnachokiita kisu cha porini, kwa sababu mpini wake unajaa mkononi na ubapa ni wa chuma cha D2. Chuma hicho nakifahamu. Kinakaa na makali muda mrefu, ingawa kinataka kupakwa mafuta mara kwa mara kwa kuwa si katika vyuma visivyoshika kutu kabisa. Upande wa chuma sina neno nanyi. Neno langu ni komeo, yaani kile kibati cha ndani ya mpini kinachozuia ubapa uliofunguliwa usijikunje, na kubwa kuliko komeo ni barua mliyonijibu.

Kilichotokea ni hiki. Mwenzetu mmoja aliteguka kifundo cha mguu kwenye ukingo wa korongo. Ng'ambo, kwenye matete, walikuwa wamelala madume wazee wa nyati, wale waliojitenga na kundi na kushinda kwenye matope. Upepo ulikuwa unatoka kwao kuja kwetu, kwa hiyo hawakuwa na habari nasi, lakini upepo wa mahali kama pale hauna ahadi. Ilibidi mguu ufungwe vijiti haraka, kimya kimya, tuondoke. Nikatoa kisu nikate mkanda wa begi wa kufungia. Mkanda ulikuwa umelowa, ncha ikapenya na kukwama, nikageuza kiganja kidogo niichomoe, kama anavyofanya kila mtu anayekata kitu kigumu. Bati la komeo likateleza. Ubapa ukajikunja juu ya kidole changu cha shahada, ukakichana kiungo hadi nikaona weupe ndani. Msafara uliokuwa na majeruhi mmoja ukawa na wawili, na wa pili ndiye aliyekuwa anajua njia.

Tulitoka salama. Lakini naomba mtu wenu wa karakana asome sehemu inayofuata, si wa matangazo.

Nilikikagua kisu juani. Bati linalopaswa kuingia na kukaa nyuma ya kisigino cha ubapa, ile sehemu ya nyuma iliyo kwenye bawaba, linagusa kwa ukingo wake tu, upana usiozidi unene wa ukucha. Mahali linapogusia pameng'arishwa kama kioo, na kutoka hapo kuna mchirizi mwembamba unaoonyesha wazi njia linayopita likiteleza kurudi pembeni. Ukikifungua, ukabonyeza mgongo wa ubapa juu ya mbao kwa uzito wa mkono tu, unaliona bati likitambaa. Skrubu ya bawaba nayo ilikuja imelegea. Niliikaza, ikalegea tena, kwa sababu nyuzi zake hazikutiwa gundi ya kuzuia. Skrubu ikilegea ubapa unacheza, na ubapa ukicheza bati linapoteza hata kile kidogo lilichokishika. Hapo hakuna fumbo lolote la ufundi. Opinel wa Ufaransa waliweka pete ya kuzungusha shingoni mwa kisu chao mwaka 1955, kitu rahisi kabisa, na ukiizungusha ikabana, ubapa haurudi. Kisu chao ni cha mpini wa mti na hakijitangazi kwa mnyama yeyote.

Jibu lenu lilisema kwamba kugeuza ubapa ukiwa ndani ya kitu ni “matumizi yasiyokusudiwa”, na kwa hiyo waranti haihusiki. (Kijana wenu wa simu alinisikiliza kwa adabu, sina ugomvi naye. Alisoma alichopewa.)

Sasa lifungueni tangazo lenu wenyewe. Mtu amesimama kwenye nyasi, kisu hikihiki kiko wazi mkononi, nyati yuko hatua chache mbele yake ameinua kichwa, na chini mmeandika “Simama imara”. Matumizi yaliyokusudiwa ni yapi basi? Kwenye picha kisu kinamkabili nyati. Kwenye karatasi ya waranti hakiwezi kukabiliana na mkanda wa begi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na chenu kimetembezwa mbali mno.

Nieleze kwa nini picha ile inaniudhi kuliko hata kidole changu. Nyati dume anaweza kuzidi kilo 800. Anakimbia zaidi ya kilomita 50 kwa saa, na mashina ya pembe zake yameungana juu ya paji la uso yakawa ngao moja ya mfupa. Simba humwendea kwa kundi, na bado wapo simba wanaofia hapo. Sheria za uwindaji katika nchi kadhaa za Afrika haziruhusu apigwe kwa bunduki ya kipenyo kilicho chini ya inchi .375, maana risasi ndogo humjeruhi tu, na nyati aliyejeruhiwa ndiye anayeogopwa na kila mtu wa porini. Halafu ninyi mnampa mgeni ubapa mfupi kuliko kiganja chake na kumwambia asimame. Mtu akiamini picha hiyo ataacha kufanya mambo yanayookoa: kujua upepo unakotoka, kupita mbali na vichaka vizito, kukaa nyuma ya mwenye bunduki, na mambo yakiharibika kuutafuta mti au kichuguu kabla ya kitu kingine chochote. Nimeshakutana na wageni wanaogusa mfuko wa kisu wanapoonyeshwa kinyesi kibichi cha nyati. Mkono ule ungekuwa na kazi zaidi ukishika darubini.

Kisu katika mapori hayo ni cha kukata kamba ya turubai, kuchonga vijiti, kuchana nguo iwe bendeji, kumtoa mtu kwenye mkanda wa gari lililopinduka. Ni kazi za kawaida, ila hufanywa mahali ambapo huwezi kupiga kelele, huwezi kukaa na kupoteza muda, na damu si kitu cha kuchezea. Ndiyo maana komeo lazima lishike. Mnyama anaongeza gharama ya kila hitilafu ndogo. Hayo ndiyo mliyopaswa kuyaandika kwenye tangazo.

Na mkiwa kwenye kubadilisha mambo, acheni huo mpini wa rangi ya majani makavu. Kikidondoka nyasini hakionekani tena. Rangi ya chungwa haijawahi kumdhuru mtu.

Ninachotaka ni hiki. Mnirudishie fedha yangu yote. Cha kubadilishiwa sikitaki mpaka komeo lisanifiwe upya. Mkague visu vya toleo hilohilo vilivyobaki dukani na muwaarifu waliokwisha kununua, maana kasoro niliyoieleza ni ya umbo la bati, haikuletwa na mkono wangu. Tangazo la nyati liondolewe. Na kwenye waranti muandike kwa maneno ya wazi kazi ambazo kisu kinaziweza, ili mnunuzi azijue akiwa bado na fedha yake mfukoni.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Likikosekana, au likija tena lile la “matumizi yasiyokusudiwa”, nitaipeleka barua hii pamoja na tangazo lenu kwa mamlaka inayolinda walaji, wasome vyote viwili kwa pamoja.

Nimeambatisha nakala ya risiti, picha za bati na kisigino cha ubapa zilizopigwa kwa karibu, na cheti cha zahanati iliyonishona. Kisu chenyewe ninacho. Sitakituma mpaka nipewe kwa maandishi jina na cheo cha fundi atakayekipokea.

Mteja wenu,
Kiongozi wa matembezi ya miguu