Picha za wadudu zioneshe mdudu

Mhariri,

Mkulima hawezi kumtambua kiwavijeshi vamizi, kiwavi anayekula mahindi, kwa picha mnazoweka kwenye ukurasa wa kilimo. Mdudu huyu aliripotiwa Afrika mwaka 2016, na alama zake ni Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne meusi yaliyojipanga mraba karibu na mkia. Kwenye picha zenu kichwa kimemezwa na weupe wa flashi, na upande wa pili ni giza tupu.

Msiilaumu kamera. Flashi ni taa ndogo, na ngozi ya kiwavi inang'aa, hivyo mwanga unarudi kama doa jeupe. Ili kuutawanya mwanga huo, mimi nimekata dumu jeupe la maziwa, nikabandika foili ndani, juu na pembeni, mbele nikaweka karatasi ya kuokea, kisha nikalifunga kwenye flashi kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. (Selotepu huachia jua likiwaka.) Uso wa karatasi uwe mpana na ukae karibu kabisa na mdudu bila kumgusa; ukiusogeza mbali, vivuli vinarudi vikali vilevile. Karatasi inakula mwanga, kwa hiyo ongezeni nguvu ya flashi na mbebe betri za akiba.

Mpiga picha wenu ajaribu kabla mahindi hayajachipua. Akikosa nafasi, nitawatumia zangu bure, ila jina la kata yangu mliandike sawasawa safari hii.

Afisa ugani,
Kilosa, Morogoro