Barua kwa mwanangu kabla ya kuwapeleka watoto Kunduchi

Mwanangu mpendwa,

Salaam nyingi kwako, kwa baba watoto na kwa wajukuu wangu wote. Huku hatujambo. Nimepata ujumbe wako kwamba tarehe 26, siku ya pili ya Krismasi, mnawapeleka watoto Kunduchi kwenye mabwawa na mitelezo ya Wet 'n' Wild, pamoja na watoto wa mdogo wako na wale wawili wa jirani. Nimefurahi sana. Lakini siku hiyo nusu ya Dar es Salaam inakimbilia kwenye maji, na mambo yanayoharibika huwa ni yale yale kila sikukuu. Nakuandikia mapema ili uwe na muda wa kujipanga.

Anza na hesabu ya watu wazima. Watoto saba wa kuanzia miaka mitatu hadi kumi na miwili hawawezi kuangaliwa na wewe na mumeo peke yenu. Aliye chini ya miaka mitano awe na mtu mzima wake ndani ya maji, umbali wa kumfikia kwa mkono bila kupiga hatua. Wakubwa wasiojua kuogelea, mtu mzima mmoja asichukue zaidi ya wawili. Ukipiga hesabu utaona mnahitaji watu wazima wanne. Msichana anayekusaidia nyumbani msimhesabu kama naye haogelei, maana mtakuwa mmemtwika mzigo asiouweza. Mkikosa wa nne, punguza watoto, hata kama shemeji yako atanuna.

Kwa watoto wa jirani, ongea na mama yao mwenyewe, usitegemee salamu za kuletewa na watoto. Muulize kama wanajua kuogelea, kama kuna mwenye pumu au kifafa, na kama kuna mwenye selimundu, ile tunayoita siko seli. Nchi yetu ina watoto wengi wenye ugonjwa huo, na mambo matatu yanayoamsha maumivu yake yote yapo bwawani: baridi ya ghafla, kupungukiwa maji mwilini na uchovu. Mtoto wa namna hiyo anaweza kwenda, ila aingie taratibu, akae majini muda mfupi, akitoka afutwe na kufunikwa kanga kavu papo hapo, na anywe maji bila kungoja kiu. Mwenye kifafa asiachwe majini hata kidogo bila mtu mzima pembeni yake.

Sasa nifike kwenye jambo linaloninyima usingizi. Watu wengi wanadhani anayezama hupiga kelele na kupunga mikono. Mtoto anayezama hana pumzi ya kupigia kelele. Anasimama wima majini, kichwa kimelala nyuma, mdomo unazama na kuibuka, na mikono inasukuma maji chini pembeni mwake kama anayetaka kupanda ngazi. Hayo yote huchukua sekunde 20 hadi 60, kisha anazama kabisa. Katikati ya mamia ya watoto wanaopiga mayowe ya furaha, yule aliye kimya hakuna anayemwona. Wanaomzunguka nao hudhani anacheza.

Kwa hiyo pangeni zamu. Nunua kofia moja nyekundu. Anayeivaa ndiye mlinzi kwa dakika 20, na kwa dakika hizo hashiki simu, hapigi picha, haendi kununua soda, haongei na mtu huku amegeuza uso. Kazi yake ni kuhesabu vichwa: mmoja, wawili, hadi saba, halafu anaanza tena. Zamu ikiisha anamkabidhi mwenzake kofia mkono kwa mkono na kusema kwa sauti, "Sasa ni wewe." Mahali ambapo watu wazima wanne wamekaa na kila mmoja anadhani wengine wanaangalia, hakuna anayeangalia. Waokoaji wa pale wapo na wasaidieni kwa kuwatii, lakini siku ya sikukuu macho ya mwokoaji mmoja yamegawanywa kwa watoto wengi mno. Zamu iwe dakika 20 kwa sababu jua na mng'ao wa maji vinachosha macho, na mtu aliyechoka huangalia bila kuona.

Na hili uwaambie wote mapema: mtoto akikosekana, tafuteni majini kwanza. Chooni, getini na kwenye chipsi mtakwenda baadaye. Aliyepotea nchi kavu anaweza kungoja dakika kumi. Aliye chini ya maji hawezi.

Mavazi yana maana kubwa kuliko urembo. Nguo za kuogelea za buluu, nyeupe au kijivu hupotea zikiwa chini ya maji, kwa sababu sakafu ya bwawa nayo ni ya rangi hizo. Tafuta rangi ya chungwa, njano kali au waridi inayowaka. Fulana ya pamba usiruhusu: ikilowa inakuwa nzito, inamvuta mtoto chini, na kwenye mtelezo inakwama. Kama binti wa jirani anajisitiri, mama yake amtafutie vazi la kuogelea refu la kitambaa chepesi kinachobana. Kanga na dera havifai, vinajifunga miguuni.

Mipira ya kupuliza ya mikononi na maboya ya duara ni vitu vya kuchezea. Yale maboya mtoto huchomoka kwa chini, na ile ya mikononi huvuka akiinua mikono juu. Asiyejua kuogelea avae jaketi la kujiokolea lenye saizi ya uzito wake, lililofungwa mikanda yote. Mjaribu nyumbani: shika mabega ya jaketi uyainue. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa kwake.

Najua wasichana watakuwa wamesukwa nywele za Krismasi, wengine na shanga. Zifunge zote juu kwa nguvu na uwavishe kofia ya kuogelea. Chini ya bwawa kuna matundu yanayovuta maji kuyapeleka kwenye chujio, na nywele ndefu zikinaswa hapo, mtoto hawezi kujinasua. Usiwaruhusu wakae au kuchezea karibu na matundu hayo. Hereni na mikufu ibaki nyumbani. Kabla ya kuingia, loweka nywele kwa maji ya bomba, kwani zikishashiba maji safi hazinywi klorini nyingi, ile dawa ya kusafisha maji ya bwawa.

Mkifika, kabla hamjalipia kama wataruhusu, ama mara tu baada ya kuingia, simama ukingoni mwa sehemu yenye kina kirefu utazame chini. Kama huoni vizuri yale matundu ya sakafuni, watoto wasiingie bwawa hilo, kwa sababu hata mwokoaji hawezi kumwona aliyezama. Asubuhi maji huwa angavu. Kufikia saa tisa alasiri, baada ya mafuta, jasho na mikojo ya umati, bwawa linaweza kuwa na ukungu, kwa hiyo rudia kupima mchana. Ile harufu kali inayochoma macho wengi huidhani ni dalili ya usafi. Ni klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo, na maana yake ni kwamba maji yamechoka. Waogeshe watoto bafuni kwanza na uwapeleke chooni kila saa. Na kama yupo aliyeharisha wiki hiyo, abaki nyumbani na bibi mwingine: kuna vimelea vya kuhara ambavyo klorini ya bwawani huchukua siku kadhaa kuviua.

Mitelezo. Soma kibao cha kimo kwenye kila mtelezo, na usimsimamishe mtoto kwa ncha za vidole ili afikie mstari. Kimo kimewekwa kwa sababu ya bwawa la kutua: mtoto akifika chini kwa kasi, amegeuka na ana maji puani, lazima aweze kusimama miguu ikigusa sakafu. Mkao ni kulala chali, miguu mbele, vifundo vimepishana, mikono imekunjwa kifuani. Anayekaa wima hupinduka kwenye kona, na anayetangulia kichwa huumia shingo. Vitu vya chuma kwenye nguo, kama zipu na vifungo, hukwaruza mtelezo na kumpunguza mtu kasi. Akikwama katikati, anayefuata atamgonga. Ndiyo maana mtu asiachie mpaka mhudumu wa juu aashirie, na akifika chini atoke upande mara moja, asisimame kungoja kupigwa picha. Wewe simama chini kwenye maji ya kutua, mumeo awe juu kwenye ngazi. Ngazi zile zina utelezi, na watoto huanguka hapo kuliko ndani ya mtelezo wenyewe.

Mdogo wa miaka mitatu usimpakate ukateleza naye. Inaonekana ni salama, lakini kiatu au mguu wake ukigusa ukuta wa pembeni unasimama, huku uzito wako unaendelea kwenda, na mfupa wa mguu unavunjika. Ateleze peke yake kwenye ule mtelezo mdogo wa watoto, wewe ukimngoja chini. Mkikuta bwawa la mawimbi limewashwa, wasioogelea wasipite usawa wa magoti.

Kuhusu jua: mwishoni mwa Desemba pale Dar linafika juu kabisa kama saa sita na dakika 20, na linakaa upande wa kusini kidogo. Kwa hiyo kivuli cha mti au banda huanzia magharibi asubuhi, hupita kaskazini adhuhuri, na kuishia mashariki jioni. Tandika mkeka upande wa kaskazini na hutahamahama. Ingieni mapema mara wanapofungua, mtoke majini kuanzia saa sita hadi saa nane na nusu, mle na kupumzika, kisha mrudi. Losheni ya kuzuia jua, namba 30 kwenda juu, ipakwe robo saa kabla ya kuingia na irudiwe kila baada ya saa mbili. Weusi wa ngozi hauondoi haja hiyo.

Mtoto aliye majini hasikii kiu wala haoni kwamba anatoka jasho. Mpe kikombe kidogo cha maji kila nusu saa. Usiku wa Krismasi gandisha nusu ya chupa zenu za maji, ukizijaza robo tatu tu, maana barafu hutanuka na kupasua chupa. Beba pakiti mbili za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini. Moja huchanganywa na lita moja ya maji.

Chakula uliza kwa simu kabla, kwani sehemu nyingi haziruhusu cha kutoka nje. Wakiruhusu, nakuomba usibebe pilau la jana. Kiporo cha Krismasi kilicholala kwenye sufuria jikoni kina vijidudu ambavyo kupasha moto hakuondoi sumu yake, na wali wa nazi ndio mbaya zaidi. Beba maandazi, chapati, karanga, machungwa na embe, ambazo ni msimu wake. Kinachohitaji baridi kikae kwenye barafu, na kilichokaa juani saa moja kitupwe.

Desemba mvua za vuli bado zinaweza kupiga. Mkisikia radi, wote nje ya maji, na msirudi mpaka zipite dakika 30 bila radi nyingine.

Na ikitokea mtoto ametolewa majini hapumui: msimning'inize kichwa chini, msimkamue tumbo ili kutoa maji. Hayo hupoteza muda na kumsababishia kutapika akasakamwa. Mlaze chali kwenye sehemu ngumu, inua kidevu, mpulizie pumzi tano, kifua kiinuke kila mara. Kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30, kina cha theluthi ya kifua chake, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, halafu pumzi mbili, na kuendelea hivyo bila kuacha. Mwingine apige 112 na kumwita mwokoaji. Hata akizinduka akacheka, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Jifunzeni wewe na mumeo kwa mto wa kulalia wiki hii.

Namba yako ya simu iandike kwa maka peni kwenye mkono wa kila mtoto, juu yake paka rangi ya kucha isiyo na rangi ili isifutike. Wapige picha getini wakiwa wamevaa vile vile watakavyokuwa majini.

Kurudi, ondokeni saa kumi. Barabara ya Bagamoyo kutoka Mtongani kuja Africana na Mwenge hujaa magari jioni ya sikukuu, na watoto waliolowa, waliochoka na wenye njaa ndani ya gari lisilosogea watawamaliza nguvu. Wabadilishe nguo kavu kabla ya kupanda.

Nijibu kabla ya tarehe 20. Niambie uzito wa kila mtoto ili baba yako awatafutie majaketi Kariakoo, na kama mtu mzima wa nne hajapatikana, nitakuja mimi.

Mama yako